Namna ya Kuizuia Kompyuta ya Nyumbani Isijipandishe Toleo Bila Ridhaa Yako

Usiku mmoja wa Julai, baridi ya Mbeya ikiwa imeshatuingiza ndani mapema, mpwa wangu alinipigia simu kutoka Kihesa, Iringa, nyumbani kwa dada yangu. Baada ya shikamoo alisema: "Mjomba, kompyuta imejizima, ikajiwasha, na sasa inaandika asilimia kumi na nane. Inasema tusiizime. Ripoti yangu ya fildi imo humo, na kesho asubuhi inatakiwa chuoni." Nilimwuliza kama alikuwa amebonyeza chochote. Alijibu kwamba yeye hakugusa kitu, ila bando la wiki aliloliunga mchana lilikuwa limekata kabla hajamaliza kutafuta marejeo ya ripoti yake.

Nikajua kinachoendelea. Kompyuta mpakato ile ilikuwa inahama kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, na bando lilikuwa limelipia nauli. Baadaye ilibainika kwamba siku moja kabla, mdogo wake wa darasa la sita alikutana na tangazo lililojaa skrini nzima, akabonyeza kitufe kikubwa cha bluu ili limwondokee aendelee na gemu lake. Kwa mashine hiyo, ridhaa ya familia ilikuwa imetolewa.

Nilimwambia asiizime, ahakikishe waya wa chaja umeshika vizuri, kisha aende akale. Nakushauri hivyohivyo wewe uliyefungua ukurasa huu asilimia zikiwa tayari zinahesabika mbele yako. Wakati faili zinapakuliwa bado unaweza kukata mtandao na kazi ikasimama bila madhara, lakini mashine ikishajiwasha upya na kuanza kuhesabu asilimia, inakuwa inaondoa mfumo endeshi wa zamani na kuweka mpya. Kuizima kwa nguvu hapo ni kumfukuza fundi aliyekwisha kung'oa bati la zamani na hajapigilia jipya. Umeme ukikatika wenyewe, jambo ambalo sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunalifahamu hasa kati ya Novemba na Aprili mvua zinapopamba moto, usikate tamaa: mara nyingi Windows hugundua kwamba kazi haikukamilika na kujirudisha ilikokuwa. Acha ijirudishe yenyewe bila kuihimiza, hata ikichukua saa nzima.

Kinachokataliwa na kisichokataliwa

Watu wengi huchanganya mambo mawili, na mafundi wetu huchangia mchanganyiko huo. Kuna masasisho ya kila mwezi, ambayo ni viraka vya kuziba matundu ya usalama. Microsoft hutoa viraka vyake vikuu Jumanne ya pili ya kila mwezi, navyo kwa kawaida havibadilishi mfumo mzima wala havikuondolei programu. Kuna pia kupandishwa toleo, yaani kuondolewa mfumo uliouzoea na kuwekewa mwingine. La kwanza usilikatae. La pili ndilo lenye mgogoro, kwa sababu ndilo linalokula gigabaiti kadhaa kwa mkupuo, linalofanya printa ya zamani isitambulike, na linaloifanya mashine yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 isote kama lori lenye shehena kwenye mlima Kitonga.

Ukienda kwa fundi wa hapa Mwanjelwa, Mbeya, ukamwambia kwamba kompyuta inajisasisha ovyo, kuna uwezekano mkubwa akaizima huduma nzima ya Windows Update, akapokea hela yake na kukuambia umepona. Dawa hiyo siipendi. Kwanza, Windows 10 na 11 zina huduma nyingine ya pembeni ambayo kazi yake ni kuiamsha ile iliyozimwa, hivyo baada ya muda mchezo huanza upya. Pili, hata ikibaki imezimwa, umekataa viraka pamoja na toleo jipya, na kompyuta ya nyumbani inayopokea flashi za kila mgeni si ya kukaa bila viraka.

Malalamiko haya si ya Iringa peke yake. Windows 10 ilipotoka tarehe 29 Julai 2015, Microsoft iliigawa bure kwa mwaka mmoja kwa wenye Windows 7 na 8.1, na tangazo lake likawa king'ang'anizi kiasi kwamba mwaka 2016 ilifika hatua ambapo kubonyeza alama ya X ya kufungia dirisha kulihesabiwa kuwa umekubali tarehe iliyokwisha kupangwa. Mama mmoja wa Sausalito, California, mwenye shughuli ya uwakala wa safari, alikwenda mahakamani kwa sababu kompyuta yake ya kazi ilivurugika baada ya jaribio la kupandishwa toleo, akashinda dola 10,000, na mwaka huohuo kampuni ikaacha rufaa yake. Siku hizi vitufe vya kukataa vipo. Tatizo ni kwamba cha kukubali huwa kikubwa chenye rangi, na cha kukataa huwa maandishi madogo pembeni, kwa hiyo mtoto wa darasa la sita ataona kimoja tu.

Ijue mashine yako kwanza

Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha bonyeza Enter. Dirisha dogo litakuonyesha kama una Windows 10 au 11 na toleo lake, kwa mfano 22H2, ambalo ndilo la mwisho kwa Windows 10. Halafu fungua Settings, ingia System, kisha About, uangalie kama ni Home (ya nyumbani) au Pro (ya kikazi), na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni ipi.

Prosesa ni muhimu kwa sababu inaweza kukuondolea hofu yote. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, hudai kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya diski isiyopungua GB 64, na kwa prosesa za Intel, kwa kawaida kizazi cha nane au zaidi. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa mitaani kwetu ni za kizazi cha nne hadi cha saba. Tazama tarakimu zinazofuata baada ya i5: i5-6500 ni kizazi cha sita, na i5-8250U ni cha nane. Ikiwa yako ni ya kizazi cha sita, Windows Update haitakuletea Windows 11 hata siku moja, na ukiikuta imewekwa ujue ni mtu aliyekupigia Windows kwa kukwepa masharti. Ya dada yangu ilikuwa i5-8250U yenye RAM ya GB 4. Kwenye karatasi ilifaulu.

Ziba njia ya bando

Windows ina mpangilio wa kuuambia mfumo kwamba mtandao huu ni wa kupimwa, kila megabaiti ina bei yake. Ukiuwasha, mashine huacha kupakua mizigo mikubwa yenyewe. Kwa Wi-Fi, fungua Settings, ingia Network & Internet, chagua Wi-Fi, bonyeza jina la mtandao uliounganishwa, kisha washa palipoandikwa "Metered connection"; kwenye Windows 10 utaona "Set as metered connection". Mpangilio huu hukumbukwa kwa kila jina la mtandao peke yake, hivyo hotspoti ya baba, hotspoti ya mama na ruta ya jirani aliyekupa neno la siri zote zinahitaji kupitiwa moja moja.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na nalieleza kwa sababu nimelikuta pia katika nyumba nyingine tatu tangu wakati ule. Sikukuu ya Pasaka nilipokuwa Iringa nilikuwa nimeiwekea kompyuta ile alama ya kupimwa kwenye hotspoti ya simu ya dada, nikaondoka kifua mbele. Nilichosahau ni kwamba vijana siku hizi huunganisha simu kwa waya wa USB ili iendelee kupata chaji wakati inagawa mtandao. Simu ikiunganishwa kwa waya, Windows haiioni kama Wi-Fi; huiona kama mtandao wa kebo, uleule wa Ethernet wa maofisini ambao haufikiriwi kuwa na bando, na kwenye Ethernet alama ya kupimwa ilikuwa haijawekwa. Mlango wa mbele nimeufunga, wa uani uko wazi. Kwa hiyo chomeka simu kwa waya, washa ugawaji wa mtandao, ingia Network & Internet, chagua Ethernet, bonyeza mtandao unaoonekana hapo, na uwashe alama ileile. Ukibadilisha simu, rudi uhakikishe tena.

Ukiwa bado kwenye mipangilio hiyo, ingia Windows Update, kisha Advanced options, na uhakikishe kwamba kipengele cha kuruhusu kupakua masasisho kwenye mitandao ya kupimwa kimezimwa. Karibu yake kuna "Delivery Optimization", ambayo huruhusu kompyuta kugawana vipande vya masasisho na kompyuta nyingine. Ikiwa imewekwa kugawana na kompyuta za intaneti nzima, bando lako linaweza kutumika kuwapakulia watu usiowajua. Chagua kompyuta za mtandao wa ndani tu, na ikiwa nyumbani mna mashine mbili, hilo hugeuka kuwa faida, kwani moja hupakua na nyingine huchukua kwa mwenzake.

Funga toleo

Kuziba bando kunazuia mzigo usiingie kimyakimya, lakini hakumzuii mtu kubonyeza kitufe cha bluu, na siku mtakapounganishwa kwenye mtandao usiopimwa kinga hiyo haipo. Kinga yenyewe ni kuiambia Windows Update kwamba mashine hii inabaki kwenye toleo fulani na iendelee kupokea viraka vya toleo hilo tu.

Mwenye Pro afungue gpedit.msc kwa njia ileile ya nembo ya Windows na herufi R, aingie Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, Windows Update, na humo atafute sera iitwayo "Select the target Feature Update version". Ataiwasha, ataandika Windows 10 kwenye nafasi ya bidhaa na 22H2 kwenye nafasi ya toleo. Kwenye Home dirisha hilo halipo, ila maneno hayohayo yanaweza kuandikwa moja kwa moja kwenye daftari la ndani la mipangilio ya Windows. Tafuta Command Prompt, yaani dirisha la kuandikia amri, bofya upande wa kulia wa kipanya, chagua "Run as administrator", kisha andika mistari hii mitatu, mmoja baada ya mwingine, ukibonyeza Enter kila mwisho wa mstari:

reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v TargetReleaseVersion /t REG_DWORD /d 1 /f

reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v TargetReleaseVersionInfo /t REG_SZ /d 22H2 /f

reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v ProductVersion /t REG_SZ /d "Windows 10" /f

Asiyetaka kuandika amri anaweza kutumia programu ndogo ya bure iitwayo InControl, iliyoandikwa na Steve Gibson wa Gibson Research Corporation, ambayo kazi yake ni kuandika na kufuta mipangilio hiyohiyo kwa kitufe kimoja. Pakua kwenye tovuti ya mwenyewe, si kwenye flashi ya mtu. Njia yoyote utakayotumia, ukurasa wa Windows Update utaanza kuonyesha maneno kwamba baadhi ya mipangilio inasimamiwa na taasisi yako. Usishtuke, taasisi hiyo ni wewe. Kwa kuwa Microsoft iliitengeneza sera hii ikiwalenga wenye Pro na maofisi, mwenye Home asiache kuziba bando kwa kudhani kufuli hili linatosha.

Mwenye Windows 11 tayari, ambaye hataki kurukia toleo jipya la kila mwaka, hutumia mistari hiyohiyo akiandika "Windows 11" na toleo alilonalo kama alivyolisoma kwenye winver. Akumbuke tu kwamba kila toleo la Windows 11 kwa Home na Pro huhudumiwa kwa miezi 24, kisha viraka hukoma, kwa hiyo kufuli hilo ni la kusogeza mbele. Pia azime swichi ya kupata masasisho mapya mara tu yanapotoka, iliyoko juu kwenye ukurasa wa Windows Update.

Kusubiri kuna maana yake. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo la 1809 la Windows 10, na siku chache baadaye ikalisimamisha kwa sababu baadhi ya watu walipoteza nyaraka zao baada ya kulipokea; lilirudi Novemba likiwa limerekebishwa. Walioumia walikuwa ni wale waliokwenda wenyewe kubonyeza "Check for updates". Tangu hapo kitufe hicho mimi sikibonyezi kwa kukosa la kufanya.

Kuhusu kuahirisha na saa za kazi nitasema kidogo tu. Kitufe cha "Pause updates" husimamisha kila kitu, viraka vikiwemo, kwa muda usiozidi siku 35, nacho kinafaa wakati wa mitihani au safari. "Active hours" huizuia mashine isijiwashe upya katika saa ulizotaja, hadi saa 18 kwa siku. Na unapozima kompyuta usiku, soma kitufe kabla ya kukibonyeza: "Shut down" ni tofauti na "Update and shut down", na yote mawili hukaa jirani.

Ikiwa tayari imekwisha kupanda

Kompyuta ya Kihesa ilimaliza kazi karibu saa sita usiku. Ripoti ilikuwepo pale ilipoachwa, kwa kuwa kupandishwa toleo kwa kawaida hakufuti nyaraka za mwenye mashine. Lakini printa ya nyumbani ilikataa kabisa kutambulika, na asubuhi kijana alilazimika kupanga foleni kwenye steshenari karibu na chuo, flashi mkononi.

Baada ya kupanda toleo, Windows huhifadhi mfumo wa zamani kwenye folda iitwayo Windows.old kwa siku 10. Ndani ya siku hizo unaweza kurudi. Usifute folda hiyo na usiendeshe programu za kusafisha diski, hata mtu akikuambia inakula nafasi, maana ndiyo daraja lako la kurudia. Ukiona muda hautoshi, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:30

Amri hii huongeza muda hadi siku 30, na inaweza kufika siku 60, mradi umeiandika kabla ya zile 10 kwisha.

Kabla ya kurudi, nakili nyaraka na picha kwenye diski ya nje au flashi, na kumbuka neno la siri ulilokuwa ukitumia kwenye mfumo wa zamani, kwa sababu ndilo utakaloulizwa. Chomeka chaja. Fungua Settings, ingia System, kisha Recovery, na ubonyeze "Go back". Utaulizwa sababu, na unaweza kuchagua yoyote. Utashawishiwa ujaribu masasisho kwanza, kataa. Kisha mashine itajiwasha upya na kufanya kazi kwa muda ambao kwenye diski ya zamani unaweza kuzidi saa moja. Programu ulizoweka baada ya kupanda zitapotea. Mashine ikishawaka, kabla hujaiunganisha na mtandao wowote, andika ile mistari mitatu ya kufuli. Ukiunganisha kwanza na kufunga baadaye, unaweza kukuta mzigo umeshaanza kushuka tena.

Gharama ya kubaki

Ni haki msomaji aelewe anachokichagua. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine inaendelea kuwaka na kufanya kazi, ila viraka vya bure vya kila mwezi havipo tena isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza, ambao Microsoft iliutangaza kwa watumiaji wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Sharti ni kuwa na toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Unaweza kulipa dola 30 mara moja, au kutolipa kitu ukikubali mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo. Kiungo cha kujiandikisha huonekana kwenye ukurasa wa Windows Update, na malipo ya mara moja yanaweza kutumika kwa kompyuta hadi 10 zilizo chini ya akaunti hiyohiyo, jambo linalofaa familia yenye mashine zaidi ya moja.

Ushauri wangu kwa mwenye kizazi cha nane na kuendelea ni kutumia muda huo kuongeza RAM hadi GB 8 na kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD, yaani diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi, kisha kupanda toleo siku atakayoichagua mwenyewe, akiwa na nakala ya nyaraka, umeme wa uhakika na mtandao usio wa bando.

Kwa dada yangu tulirudi nyuma siku ya nne. Nilimwelekeza mpwa kwa simu hatua kwa hatua, tukafunga toleo, tukaweka alama ya kupimwa kwenye Ethernet, na mwisho nikamwomba amfungulie mdogo wake akaunti yake isiyo ya usimamizi, ili acheze gemu lake bila kugusa mipangilio ya mashine. Kisha akachomeka printa. Nilisikia kwenye simu ikivuta karatasi.